Nyumba Isiyopitisha Upepo

Baba mkwe wangu, Mzee Yoeli Mtewele, alistaafu kazi lakini mwili wake haukupewa habari. Saa kumi na moja alfajiri, baridi ya kijiji chetu cha Kichiwa ikiwa bado imelalia majani, ungemsikia anavuta komeo, anakohoa mara tatu, kisha anaanza wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Akitoka nje anawasha moto, anachemsha maji, anapanga vikombe viwili juu ya sinia ya bati. Kikombe cha kwanza alikinywa mwenyewe. Cha pili hakuna aliyekinywa. Kilipoa pale pale, akakimwaga, akakiosha, akakifunika.

"Ni cha bwana wake," mama mkwe aliniambia siku moja, akacheka kidogo. "Huyu, mwili umerudi, Mama Ema. Mwenyewe bado yuko Njombe anapiga magoti mbele ya moto wa Mzungu."

Mzee alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na minane katika nyumba za Wazungu kule Njombe, mlimani juu ya Boma. Kwanza boi wa kufagia na kuwasha moto, mwishoni mpishi. Bwana mmoja akiondoka alikuja mwingine, na yeye alibaki na nyumba kama kufuli. Mwaka 1955 magoti yalikataa ngazi na kifua kikaanza kupiga filimbi. Wakamshukuru kwa barua, koti zito la kijivu na saa ya mezani. Akapanda lori la mbao lililokuwa likienda Makambako, akashuka hapa kwetu barabarani, sanduku kichwani.

Mimi nilikuwa mke wa mwanawe Efraimu, utingo wa malori pale Makambako, ambaye tulimwona nyumbani Jumamosi moja, nyingine akakosa. Kwa hiyo wazee hao wawili niliishi nao mimi. Ninayoyaandika niliyaona kwa macho yangu, nikipita uani na ndoo au nikiwa nimekaa na mtoto.

Kitu cha kwanza kilichoshangaza kijiji ni kwamba mzee hakwenda kukaa kilabuni na wenzake kunywa ulanzi. Alifagia. Alifua mashati yake mwenyewe, akayapiga pasi ya mkaa kila siku, hata siku asiyokwenda popote. Aliosha sufuria kwa majivu mpaka ukaona meno yako ndani. Jirani yetu Mzee Tarsis, aliyezoea kupita na mgolole wake begani, alisimama kwenye ua na kumtazama.

"Kamwene, Yoeli! Mzungu amekuachisha kazi, sasa umeajiriwa na mkeo?"

"Mke wangu hanilipi," mzee alijibu bila kuinua macho kwenye pasi. "Lakini angalau hanipigii kengele."

"Basi njoo na kwangu. Mke wangu ana sketi tatu zimekunjamana."

"Mlete na mwenyewe aliyekunjamana, nimnyooshe."

Walicheka hao, mpaka mzee akashikwa na kikohozi akajiegemeza ukutani. Kicheko chake siku zote kiliishia hapo.

Sasa niseme habari ya nyumba. Sisi wengine tulilala katika nyumba za udongo na nyasi, ambazo moshi huingia na kutoka utakavyo. Mzee alikuwa ameapa zamani kwamba akizeekea Kichiwa atalala katika nyumba isiyopitisha upepo. Akajenga ya matofali ya kuchoma, chumba kimoja na ukumbi mdogo, bati juu, dari ya mbao zilizobanana, sakafu ya saruji, na dirisha moja la vioo vinne lisilofunguka, kwa sababu, alisema, dirisha likifunguka litaachwa wazi. Chini ya mlango alipigilia ukanda wa mpira wa gurudumu ili hata panya asipate nafasi. Fundi Festo alimwuliza bomba la moshi likae upande gani.

"La nini?" mzee alimjibu. "Miaka ishirini na minane nimekwangua masizi kwenye mabomba ya watu. Mimi nitaota mkaa. Mkaa hauna moshi."

Na kweli, moshi ulikuwa adui yake. Mganga wa zahanati alimsikiliza kifua akamwambia akae mbali nao. Mzee alilishika neno hilo kama amri ya kumi na moja. Hakuingia tena jikoni kwa mkewe, ambako kuni zilifuka mchana kutwa. Mama mkwe, Bibi Tabea, naye aliingia katika nyumba mpya siku moja tu, akalala, akatoka asubuhi ameshika kichwa.

"Hilo ni sanduku," alisema. "Mimi bado sijafa."

Akarudi kulala kwenye nyumba yake ya jikoni, pamoja na mbuzi wawili na mjukuu wake. Mjukuu huyo ni Ema wangu. Nilipopata mimba ya pili nilimwachisha ziwa, na kwa desturi yetu mtoto aliyeachishwa huhamia kwa bibi yake. Akirudi kulala na mama atalilia ziwa la mdogo wake. Basi Ema, wa miaka mitatu kasoro, alilala kwa bibi, na mimi katika kibanda changu na mtoto wangu mchanga, Mika.

Kila jioni kazi yangu ilikuwa kuwasha jiko la mzee. Lilikuwa debe lililotobolewa matundu, na mkaa ulitokana na miti ya miwati iliyokwisha menywa maganda. Niliupepea nje mpaka ukawa mwekundu wote, nikaliweka jiko kizingitini, nikarudi nyuma hatua kadhaa, nikapiga magoti. Mzee alitoka, akalichukua, akafunga mlango. Sikuingia. Mkwe haoni malazi ya baba mkwe, wala hamgusi, wala hamsemeshi uso kwa uso bila mtu wa kati. Mama yangu alinifundisha hivyo kabla sijajua kusoma.

Baridi ya mwaka 1957 ilianza mapema. Mwisho wa Mei sakitu ilikuwa imeshaonekana bondeni, nyeupe kama chumvi juu ya majani ya viazi, na viazi vikaungua vyeusi. Juma hilo kicheche alianza kutembelea kuku. Mzee alikuwa na tetea mmoja aliyempenda, wa madoa, mwenye vifaranga tisa. Akamweka katika tenga, akaliingiza ndani kwake, chini karibu na jiko, wapate joto.

Asubuhi alilitoa tenga nje. Wote kumi walikuwa wamekufa.

Hawakuwa na jeraha. Tetea alikuwa amewafunika watoto wake vilevile, kichwa kimelala pembeni kama wa mtu aliyesinzia kanisani. Kilichonishika mimi ni upanga wake wa kichwani. Kuku aliyekufa upanga huwa wa zambarau. Wake ulikuwa mwekundu, mzuri, kama wa kuku anayetaka kutaga.

"Kideri," Tarsis alitoa hukumu.

"Kideri kimejuaje kuchagua nyumba?" mama mkwe aliuliza. "Wangu wako jikoni wanachakura."

Mzee alikuwa amekaa juu ya gogo, amefumba macho, mkono kwenye paji la uso. Kisha akainuka haraka akaenda nyuma ya nyumba, tukamsikia anatapika.

Tangu siku hiyo nikawa namtazama. Asubuhi aliamka kichwa kinamgonga, miguu haimtii. Sinia ya vikombe ililia mkononi mwake. Jua likipanda kidogo, saa nne hivi, alikuwa mzima kabisa, anapasua kuni na kumtania Tarsis. Watu walisema ni malaria, wengine wakasema ni uzee, mtu akiacha kazi mwili hudai malimbikizo yake. Tarsis alisema polepole, akitazama kando, kwamba nyumba ya bati kati ya nyumba za nyasi huwa na macho mengi juu yake.

Lakini malaria haiondoki kila siku saa nne na kurudi kila usiku. Na mimi nilikuwa na hesabu ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo, kwa sababu jiko niliwasha mimi. Jumatano moja mvua ya manyunyu ililowesha gunia la mkaa, jiko halikuwaka. Mzee alilala kwenye baridi. Alhamisi aliamka akiimba mpaka ubeti wa nne. Juma lililofuata mkaa ulikwisha siku mbili, na siku mbili hizo sinia haikulia.

Nikamwambia mama mkwe.

"Nilimwambia siku anapaka saruji," alijibu, akichambua maharage. "Atanisikia? Mwanamume aliyekaa na Wazungu haambiwi kitu na mwanamke aliyekaa na mbuzi."

Jumamosi nikamwambia Efraimu. Alikuwa amechoka, vumbi la Makambako limemjaa nyusi.

"Moto unaua kwa kuunguza, mke wangu. Baba amewasha moto tangu mimi sijazaliwa. Utamfundisha wewe?"

Jioni nikawasha jiko, nikaliweka kizingitini, nikapiga magoti.

Mwanzoni mwa Julai ikaja habari kutoka Ludewa kwamba Zipora, dada yake Bibi Tabea, ameanguka amevunjika nyonga. Bibi alifunga mzigo wake siku ile ile, akasimama barabarani kungoja lori.

"Ema nitamchukua mimi, mama," nilimwambia.

"Mchukue. Akilia ziwa mpe uji."

Lakini niliporudi kutoka kisimani, mkeka wa Ema haukuwa jikoni tena. Mzee alikuwa ameupeleka kwake. Walikuwa wamekaa pamoja mbele ya mlango wa nyumba mpya, mzee akimfunga Ema vifungo vya sweta. Walikuwa na utani wao. Alimwita mke mdogo.

"Mke mkubwa ametoroka," mzee alikuwa anamwambia. "Sasa utanipikia nini?"

"Udongo," Ema alijibu.

"Mpishi hodari! Na chumvi utatia?"

Nilishusha ndoo. Kwa heshima yetu mkwe akitaka kusema neno humpitishia mtoto, hata kama anayeambiwa yuko hatua mbili tu. Nikapiga magoti, nikamtazama Ema.

"Ema, mwambie babu, asante kwa kukutunza, lakini utalala kwangu."

"Babu, nalala kwa mama," Ema alisema, akavuta sikio la babu yake.

Mzee naye alimtazama mtoto. "Mwambie mama yako, kibanda chake kinapitisha upepo kama kikapu, na kina mtoto mchanga. Huku kuna joto. Mtoto atakohoa huko."

"Ema, mwambie babu, basi na afungue mlango kidogo, mkaa una ubaya wake. Kuku walikufa."

Nilijua nimevuka mpaka. Lakini sauti ya mzee haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu anayemfundisha boi mpya.

"Mwambie mama yako, mimi na moto tunafahamiana. Nimeulisha miaka ishirini na minane, haujaniuma kidole."

Usiku wa kwanza niliweka mkaa nusu debe, na nikaunyunyizia maji chini. Ema aliamka mzima. Usiku wa pili nikafanya vilevile. Asubuhi yake mzee alimtuma Ema kwangu.

"Babu anasema mkaa wako mbovu."

Siku ya tatu anga lilikuwa safi, bila wingu hata moja, na sisi wa huku tunajua mbingu ya namna hiyo mwezi wa Julai inaleta nini. Saa kumi na mbili jioni vidole tayari vilikuwa vinauma. Nilipokwenda kwenye gunia nilimkuta mzee amenitangulia. Alikuwa anajaza debe kwa mikono yake, akichagua vipande vikubwa, vikavu, akivigonga kimoja kwa kingine asikie vinavyolia. Akaliwasha mwenyewe, vizuri, kama alivyojua. Akaliinua. Ema alimfuata nyuma ameshika pindo la koti la kijivu. Komeo likalia.

Nilikaa na Mika kifuani mpaka usingizi ukanishinda.

Niliamka kwa kitu ambacho hakikuwapo. Kulikuwa kumekucha, mwanga wa kijivu, na sikusikia komeo, wala kikohozi, wala wimbo. Nikamlaza Mika, nikatoka. Uwanja wote ulikuwa mweupe. Bati lilikuwa jeupe. Vioo vya dirisha vilikuwa vimelowa kwa ndani, matone yanateremka.

"Ema!"

Nikasogea mlangoni.

"Ema, mwambie babu kumekucha!"

Nikabisha mlango. Nikapiga hodi kwa sauti ambayo ingewaamsha wa Makambako. Kisha, na hili nalikiri, nikageuka nikakimbia kumwita Mzee Tarsis, kwa sababu yeye ni mwanamume na anaweza kuingia. Nilifika kwenye mianzi, nusu ya njia, sakitu inanichoma nyayo. Hapo nikamwona yule tetea wa madoa machoni mwangu, na upanga wake mwekundu.

Nikarudi. Nikachukua mchi kwenye kinu, nikapiga vioo vyote vinne na mti ulioviunganisha. Hewa iliyotoka ilikuwa ya moto na nzito, haina harufu yoyote. Niliingia kwa tumbo, vioo vikanichana mkono huu hapa, alama bado ipo. Ema alikuwa kwenye mkeka karibu na jiko, mashavu mekundu kama mtoto aliyetoka kucheza juani. Nilipomwinua kichwa kilianguka nyuma. Nikavuta komeo, nikatoka, nikamlaza juu ya majani yenye sakitu, nikampuliza usoni, nikamtikisa, nikamwita majina yote, la ubatizo na la ukoo. Akavuta pumzi kama mtu anayetolewa mtoni. Kisha akatapika. Kisha akalia.

Sijapata kusikia kitu kizuri kama kilio kile. Na bado mlango ulikuwa wazi mbele yangu, na ndani kulikuwa na mtu.

Nikaingia. Nilimwona baba mkwe wangu kitandani na nguo ya kulalia, mdomo wazi. Nikamshika kwapani nikamburuta kwenye saruji yake aliyokuwa akiing'arisha kila Jumamosi, mpaka nje. Tarsis alifika wakati huo, amesikia vioo. Alipotuona alifunika uso kwa mgolole kwanza, ndipo akaja kunisaidia.

Lori la mbao liliwachukua wote wawili hospitali ya misheni. Ema alirudi baada ya siku mbili akidai uji. Mzee alikaa majuma matatu. Mwuguzi mmoja alinieleza kwamba mkaa unapumua sumu isiyo na harufu wala rangi, katika nyumba ya nyasi hutoka yenyewe, katika nyumba iliyozibwa hukaa na watu. Nikamwambia nilijua. Akaniuliza, "Kama ulijua, kwa nini hukusema?" Nilimwambia nilisema, kwa kinywa cha mtoto.

Wazee wa ukoo walikutana. Mkwe ameona malazi ya baba mkwe, amemshika mwili. Lazima kuku achinjwe, la sivyo balaa litafuata. Bibi Tabea, aliyerudi kutoka Ludewa mbio, aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Kuku kumi walikwisha chinjwa humo ndani," alisema. "Mnataka wangapi?"

Hakuchinjwa kuku. Na mpaka leo, kikipotea kitu au mtoto akiharisha, yuko mtu atakayetazama upande wa kibanda changu.

Mzee Yoeli alirudi anatembea. Nywele alichana, mashati alitaka yapigwe pasi. Lakini alivaa shati juu ya koti, na chai aliimwaga kwenye maji baridi akakaa kuingoja ichemke. Tarsis alipomtania alimjibu, "Ndiyo, bwana," na Tarsis akaenda nyuma ya mianzi akalia. Ema akimvuta sikio anamtazama tu, kwa adabu, kama mtoto wa wageni. Dirisha hatukulitia vioo. Kila siku anasimama mbele yake, anapitisha mkono pale penye nafasi, anatikisa kichwa. Mara mbili nimemkuta analiziba kwa magunia.

Sasa ni Juni tena, na usiku huu hakuna wingu. Bibi ameficha debe chini ya mahindi darini. Mimi viberiti navifunga kwenye pindo la kanga, nalala navyo. Mwaka mzima hajanijua mimi ni nani, kwa hiyo mwiko umekwisha kati yetu. Ananisemesha uso kwa uso, bila mtoto wa kati. Jioni hii nimemwona anatoka nyumbani kwake, amevaa koti la kijivu, mikononi ana sinia ya bati yenye kikombe kimoja kitupu. Akasimama mbele yangu, visigino pamoja, kama mbele ya bibi Mzungu wa Njombe.

"Memsabu," amesema, "baridi inaingia. Niwashe moto?"

"Bado, Yoeli," nimemjibu.

Ameinama, ameondoka. Namsikia uani anapekua gunia la mkaa.